Kitanda cha Sharjah, kazi ya Dubai

SWALI: Shikamoo Shangazi. Natoka Likoni, sasa nafanya kazi katika mkahawa ndani ya Dubai Mall, siku sita kwa wiki. Nalala Deira, mtaa wa Dubai, karibu na stesheni ya metro, treni ya mjini, iitwayo Union. Nauli inanimaliza. Wenzangu wanasema nihamie Sharjah, mji jirani, eti kodi ya kitanda itapungua dirhamu 200 kwa mwezi. Tena Jumapili nilifika stesheni saa kumi na mbili asubuhi nikakuta pamefungwa. Nifanyeje?
Binti wa Likoni

JIBU: Marahaba mwanangu. Usihamie Sharjah. Nilipokuwa Deira niliwaona wasichana wakienda huko kufuata kodi nafuu, wakawa wanarudi usiku hawana nguvu hata ya kupika.

Piga hesabu nami. Kwa Nol, kadi ya kulipia nauli, ile ya rangi ya fedha (silver), Union hadi Burj Khalifa, stesheni ya Dubai Mall, ni dirhamu 5, maana unapita kanda mbili za nauli. Kwenda na kurudi siku 26 ni 260. Basi la kutoka Sharjah haliko chini ya dirhamu 10 kwa safari, kwa hiyo mwezi utakula 520 au zaidi, na bado hujapanda metro. Zile 200 ziko wapi? Hapo sijataja foleni ya magari kwenye barabara ya Al Ittihad itokayo Sharjah. Na zile gari za watu binafsi za kuchangiana nauli, ziache. Nyingi hazina kibali.

Nunua pasi ya siku 30 ya kanda mbili, dirhamu 230. Ukitaka kuhama, tafuta Karama au Satwa. Huko uko kanda moja na kazini, na pasi ni 140.

Ukipanda basi, gonga kadi unapoingia na unaposhuka. Sisi tuliozoea kumlipa makanga na kuteremka husahau hili la pili, na mashine hukata nauli ya safari ndefu kabisa. Ukiunganisha basi na metro ndani ya nusu saa, ni safari moja.

Jumapili metro huanza saa mbili asubuhi. Siku hiyo panda basi, au mwombe msimamizi zamu ya mchana. Pia, ile njia ya juu kutoka stesheni hadi mall ni ndefu mno, hata kwa ile mikanda inayokusogeza. Iwekee robo saa.

Jioni ingia behewa la wanawake na watoto, lina alama za waridi. Usitafune kitu humo, hata bablish: faini ni dirhamu 100. Kukatiza barabara pasipo kivuko ni 400.

Ukienda kuangalia chumba Karama, nenda usiku wenyewe wakiwa wamerudi kutoka kazini, uone wanalala wangapi, na uulize kama maji na umeme vimo kwenye kodi.