Maalum au maalumu? Amua kabla hujaanza kuandika

Kazi yangu ni kuhariri na kupanga maandishi ya watu hapa Mwanza: kadi za harusi, katiba za vikundi, taarifa za mwaka za vyama vya ushirika, vijitabu vya kwaya. Swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote ni hili: "Dada, ipi sahihi, maalum au maalumu?" Nikisema zote zinakubalika, mtu huona nimemkwepa. Sijamkwepa. Kama lugha imekubali maumbo mawili, uamuzi umeachiwa mwandishi, na msomaji ana haki ya kuona kwamba uamuzi huo umefanyika.

Mengi ya maneno haya yalitoka Kiarabu yakiwa yanaishia kwa konsonanti. Kiswahili kwa asili yake ya Kibantu hupenda silabi iishie kwa irabu, ndiyo maana takriban ikazaa takribani, hususan ikazaa hususani, na mtaalam akawa mtaalamu. Huku Kanda ya Ziwa, wengi tumekua tukisikia Kisukuma, Kikerewe au Kijita nyumbani, kwa hiyo ile irabu ya mwisho hutujia bila kuitafuta. Ukienda Pwani na Visiwani utakutana na wanaoiacha, na wanaotamka kheri kwa kh kama ilivyokuja. Halafu kuna harusi na arusi, anwani na anuani, shukrani na shukurani, mswada na muswada, kilomita na kilometa, Desemba na Disemba. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilisanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja, na Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, limeendeleza kazi hiyo, lakini jozi hizi bado tunazo. Mimi naona ni utajiri, mradi usizimwage zote kwenye ukurasa mmoja.

Nachaguaje? Kwanza natazama watoto wa neno. Tunasema utaalamu na kitaalamu, basi naandika mtaalamu. Tunaagana kwa kusema kwaherini, basi naandika heri. Neno lisipokuwa na watoto wa kunisaidia, nafuata masikio ya watakaosoma. Kuanzia Kirumba hadi Nansio watu husema bwana harusi na bibi harusi, kwa hiyo kadi zangu zina h. Mwandishi wa Tanga akiniletea arusi, namwachia arusi yake kuanzia mwanzo hadi mwisho wa kazi. Hilo la mwisho nalisisitiza sana. Taarifa inayosema daraja la Kigongo–Busisi lina urefu wa kilomita 3, kisha ukurasa wa pili ikageuza kuwa kilometa, humfanya msomaji ajiulize kama tarakimu nazo zilihakikiwa.

Kuna mahali ambapo irabu moja hugharimu fedha. Kikundi kimoja cha akina mama wachuuzi wa dagaa kilisajiliwa kwa jina lenye neno Shukrani, muhuri ukachongwa Shukurani. Walipokwenda kufungua akaunti, benki iliwarudisha hadi muhuri uchongwe upya. Akina mama wale hawakuwa wamekosea Kiswahili hata kidogo, ila jina likishaandikwa kwenye cheti halina tena umbo la pili.

Majina ya watu na mahali ni hivyo hivyo, na hapa nawaomba wahariri wenzangu tuwe na adabu. Mtu akijiandika Ng'wandu, usimfanye Mwandu ili ukurasa upendeze. Misungwi utaiona pia imeandikwa Missungwi. Kama ni anwani ya ofisi au jina la taasisi, fuata wenyewe wanavyoandika. Hata hati yako ikiwa na maalumu kila mahali, Mbunge wa Viti Maalum atabaki hivyo kama Bunge linavyoandika.

Usichanganye jozi hizi na zile ambazo si jozi kabisa. Karamu na kalamu ni vitu viwili, mahari na mahali pia. Huku kwetu r na l hubadilishana vinywani, na kwenye mazungumzo tunaelewana, lakini kadi inayowaalika watu kwenye "kalamu ya jioni" irekebishwe kabla haijafika kwa mchapaji.

Kwenye kompyuta, chukua tahadhari na ile kazi ya kutafuta na kubadilisha maneno yote kwa mkupuo. Ukiamuru kila maalum iwe maalumu, zile zilizokuwa maalumu tayari zitageuka maalumuu, na ukiamuru kila arusi iwe harusi, ile iliyokuwa harusi tayari itakuwa hharusi. Chagua sehemu ya kutafuta neno zima peke yake, au pitia moja moja. Inachukua muda, lakini ndiyo njia ya kuyalinda majina na maneno ya watu uliowanukuu.

Mimi huanza kila kazi kwa karatasi moja yenye maumbo niliyochagua, na ninaongeza neno kila linapojitokeza. Kazi ikiisha, nakala ya karatasi hiyo nampa katibu wa kikundi, kwa sababu mwakani taarifa nyingine itaandikwa, na huenda mwandishi akawa mtu mwingine.