Jibu: Rangi inabanduka kwenye fremu ya kioo cha mtumba

Habari za leo dada. Umesema fremu ya mbao uliyonunua soko la Karume umeipaka rangi nyeupe ya maji mara mbili, na wiki haijaisha inabanduka vipande vipande. Pole, mimi stuli yangu ilinifanyia hivyohivyo.

Kabla ya kuilaumu rangi, angalia kilicho chini yake. Chovya pamba kwenye spiriti, sugua mahali palipojificha nyuma ya fremu. Rangi ya zamani ikitoka na pamba, ni ya maji. Isipotoka, karibu hakika ni rangi ya mafuta au vanishi ngumu, na rangi ya maji haishiki juu ya kitu kinachoteleza namna hiyo.

Kwa hiyo bandua yote iliyolegea. Osha kwa maji ya sabuni, maana vitu vya mtumba vina mafuta ya mikono ya miaka. Ikikauka, piga msasa namba 120 mpaka mng'ao uishe, malizia na 220. Vaa barakoa na ulowanishe msasa, wala watoto wasiwe karibu, rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi. Futa vumbi, paka undakoti ya mafuta (rangi ya chini ya kushikia nyingine) mara moja, iache usiku kucha. Kipindi cha masika mimi huacha siku mbili, joto la Dar na unyevu vinadanganya: juu pakavu, ndani bado.

Ndipo upake nyeupe yako, nyembamba, mara mbili.

Hii nimeifanya kwenye mbao tu, chuma sijawahi.