Neno paremiolojia na dagaa wa mwaloni

Kirumba, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, nami ni mzima. Umeniuliza kama paremiolojia, lile neno la Kiingereza lililokukwamisha katika masomo yako huko Dodoma, ni jina jingine tu la methali. Sivyo. Paremiolojia ni elimu ya methali: mtaalamu wake huuliza methali imejengwaje, imetoka wapi, nani huitumia, kwa nani na kwa kusudi gani. Kuzikusanya na kuziandika ni kazi nyingine, paremiografia, ingawa mwanazuoni Erasmus wa Rotterdam, ambaye mkusanyo wake wa misemo ya Kigiriki na Kilatini ulichapwa Paris mwaka 1500 na baadaye ukapita misemo 4,000, alikusanya na kufafanua pia.

Asili ya neno paremiolojia ni Kigiriki. Paroimia ni methali, na logos ni neno au elimu. Hilo paroimia huchambuliwa kuwa para, yaani kando, na oimos, yaani njia. Maneno ya kando ya njia, ambayo mpita njia huyaokota akaenda nayo. Methali, kwa upande wetu, limetoka kwenye neno la Kiarabu mathal, lenye maana ya mfano, na ndiyo maana tunasema kitu ni cheupe mithili ya pamba. Kiebrania, ndugu wa Kiarabu, kina mashal. Kwa hiyo kile kitabu cha Biblia Waebrania walikiita Mishlei, waliokifasiri kwa Kigiriki wakakiita Paroimiai, nasi kwa kukiita Mithali tukarudi kwenye mzizi ule ule wa Waebrania, nadhani bila hata kukusudia.

Juzi nilikuwa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa na kuuzwa, kununua dagaa. Mama mmoja mbele yangu alipimiwa sado moja, yaani kindoo kimoja cha kupimia, akaomba nyongeza, na kijana akamdondoshea dagaa wachache kwa ncha za vidole. Yule mama hakufunga mfuko, aliushika wazi vilevile, akasema taratibu, "Haba na haba hujaza kibaba." Kijana akacheka, akachota gao zima. Shuleni nilikuwa nikifundisha methali hiyo kwa habari ya kuweka akiba, miaka yote, wala sikuwahi kufikiri kwamba inaweza kutumika kudai nyongeza, tena kwa kijana ambaye huenda kibaba hajawahi kukiona kwa macho, kwa kuwa yeye kipimo chake ni sado. Mwanaparemiolojia angeandika yote hayo: mfuko ulioachwa wazi, kicheko, na lile gao zima.

Katika insha yako andika "elimu ya methali", ulitaje hilo la kigeni mara moja tu, mwanzoni. Dagaa wa siku ile nimekuwekea nusu sado. Nitawatuma kwa basi la Ijumaa.

Mama yako