Re: Vyungu vya kina mama vinatoa maji kwenye maonyesho, tufanyeje?

Salaam dada. Nimekuelewa, hapo Bagamoyo kikundi chenu kimechanganyika, vijana wana tanuri la umeme na vyombo vya kung'aa, kina mama wanachoma kwa kuni, na mara ya mwisho mitungi yao ililowesha vitambaa vya meza watu wakasema mibovu.

Kwanza igonge kwa kifundo cha kidole. Ukilia ngaa ni mzima, mlio ukiwa mzito umefifia tafuta ufa. Kama ni mzima basi hauna ubaya kabisa, chungu cha kuni mara nyingi hakifiki hata nyuzi joto 1,000 kwa hiyo udongo unabaki na vitundu, maji yanapenya kidogokidogo yanakaukia nje, na hiyohiyo ndo inapoza maji ya ndani.

Sisi huku Tanga mwanzo tuliviweka vya kung'aa mbele, vya kina mama pembeni ukutani, bibi mmoja akafunga vyake kwenye kanga akaondoka bila neno, iliniuma sana. Safari iliyofuata tukachanganya meza zote, halafu mtungi mmoja tukaujaza maji tukauweka mlangoni juu ya sinia, kila mgeni anapewa kikombe, yani maswali yalikuwa hayaishi! Mingine iacheni mikavu. Yenye kitako cha mviringo ikalisheni kwenye ngata za majani ya mgomba, msiegemeze kwa mawe, inapata ufa. Na kila chombo kiandikwe jina la aliyekifinyanga na udongo umetoka wapi.

Bei mpangeni na kina mama wenyewe wakiwepo.