Kabla hujailaumu leza, angalia ncha ya faiba

Wadau salama? Maswali ya faiba, ule uzi mwembamba wa kioo unaopitisha mwanga, yamejaa tena na nusu yake ni yaleyale ya mwezi uliopita, sasa leo nimechagua machache, mengine mtanisamehe.

Swali: Fundi, nina faiba ya mita 2, nimepima mwanga unaoingia na unaotoka nikapata upotevu wa 1.5 dB (desibeli, kipimo cha mwanga unavyopungua), yaani 750 dB kwa kilomita. Nimeuziwa feki? (Njiro)

Sio feki aisee. Faiba ya kawaida ya singo modi (inayopitisha mwanga kwa modi moja, yaani mpangilio mmoja tu) kwenye mwanga wa 1550 nm (nanomita, urefu wa wimbi lake) inapoteza kama 0.2 dB kwa kilomita, kwa hiyo mita 2 zako ni 0.0004 dB, na hiyo pawa mita yako (kipima nguvu ya mwanga) haiwezi kuiona hata uiombe. Mwaka 1970 watu wa Corning, kampuni ya vioo ya Marekani, walishashuka chini ya 20 dB kwa kilomita, wewe leo unaniletea 750! Ulichopima ni mwanga ulioshindwa kuingia, faiba yenyewe hujaigusa bado. Tafuta rola ya faiba ya kilomita 1 au zaidi, ingiza mwanga, soma kule mwisho, andika. Halafu upande wa leza usiuguse kabisa, hata meza usiiegemee, kata faiba mita kama 2 kutoka hapo, andaa ncha mpya, soma tena. Tofauti ya hizo namba mbili kwa dB gawa kwa urefu uliokata, basi. Na umeme ukikatika katikati, maana huku kwetu utakatika tu, anza upya, usichanganye namba za kabla na za baada kwa sababu leza ikiwaka upya sio ileile mpaka ipate moto vizuri.

Swali: Kliva (kile kikatio cha faiba) ni bei, mi natumia kiwembe, kuna ubaya?

Upo. Kiwembe kinaponda kioo. Kliva inakwaruza kidogo tu huku faiba imevutwa, mkwaruzo unakimbia wenyewe na ncha inabaki kama kioo cha kujitazamia. Menya koti (ganda la nje la faiba) kama sentimita 3, futa kwa tishu yenye alkoholi ya isopropili mpaka isikike inalia kwenye vidole, KISHA kata, na ukishakata usifute tena wala usiiguse popote. Iangalie kwenye maikroskopu: ukiona kijino pembeni au imekaa mshazari kuzidi digrii 1, kata nyingine, faiba sio mali ya urithi. Kuna dogo mmoja alihangaika siku mbili anapanga lenzi, anazungusha skrubu mpaka vidole vinauma, akaja kuniambia leza imekufa. Nikaitoa ncha nikaiweka chini ya maikroskopu, mafuta ya andazi! Njia ya mwanga mle ndani ina upana wa mikroni 9 hivi (mikroni ni elfu moja ya milimita), punje moja ya vumbi letu la kiangazi inaziba yote, we unafungua dirisha upate upepo.

Swali: Spiriti ya duka la dawa inafaa?

Ile ya bluu hapana, inaacha utando.

Swali: Nikiweka leza nyekundu naona madoadoa mengi kule mwisho badala ya duara moja safi, na faiba ni singo modi. (Moshi)

Ni singo modi kwa 1310 na 1550 nm mkuu, kwa nyekundu ya 633 nm inapitisha modi kadhaa na zinagongana, ndio hayo madoadoa. Soma lebo kabla ya kununua.

Swali: Konekta (kichwa cha kuunganishia faiba) ya kijani nikiichomeka kwenye ya bluu inaingia, niache?

Chomoa. Ya kijani uso wake umekatwa mshazari digrii 8, ya bluu uko wima, unakwaruza zote mbili.

Swali: Naweza kuchungulia kwenye ncha nijue kama mwanga upo?

Hili nimelijibu mara ya tatu sasa. HAPANA. 1550 nm hauonekani kwa macho na kamera ya simu haiuoni pia, kwa hiyo giza sio ushahidi kwamba leza imezimwa. Tumia pawa mita.

Swali: Vipande vilivyokatika natupa wapi?

Kwenye chupa yenye kifuniko, iandike faiba, na usimwachie dada wa usafi afagie. Fanyia kazi juu ya kitambaa cheusi, okota kwa selotepu, chakula nje. Kipande nilichomtoa mtu kidoleni mwaka huu kilinichukua dakika arobaini na kibanio na kioo cha kukuzia, na ndizi zake zilikuwa palepale mezani, akaniuliza kama anaweza kumalizia.