Karatasi imeandikwa HSIL: jibu kwa dada wa Bondo

Dada wa Bondo, umeuliza kama HSIL kwenye karatasi yako ya Pap, kile kipimo cha seli za mlango wa kizazi, ni saratani, na kama unaweza kungoja hadi watoto warudi shule. Neno hilo lenyewe halisemi una saratani. Kungoja ndiko kubaya.

Mimi niliwahi kungoja. Kliniki moja hapa Kisumu walinipa majibu dirishani, wakasema tu "si mazuri", wakaita mwingine. Nikaikunja karatasi nikaificha ndani ya leso miezi minne. Nauza omena Kibuye huku nawaza nani atanilelea watoto. Hata mama mkwe sikumwambia, maana ugonjwa wa huko chini watu huuliza kwanza ulikuwa na nani.

Muuguzi aliyenifungua macho baadaye aliniambia HPV, kirusi kinachobadilisha seli hizo, huwapata karibu wote waliowahi kufanya ngono, na kinaweza kujificha miaka mingi. Kwa hiyo usianze kumpekua mzee simu. Seli zikibadilika kidogo huandikwa LSIL, na mara nyingi mwili huzimaliza wenyewe. HSIL zimebadilika zaidi. Hizo zikiachwa miaka, baadhi hugeuka saratani.

Pap hukuonyesha tu kwamba kuna kitu. Kinachofuata ni kolposkopi: unalala vilevile, wanapaka siki, penye shida panageuka peupe, wanaangalia kwa kioo cha kukuza na kunyofoa kinyama kidogo cha kupeleka maabara. Hicho kinyama ndicho kinachosema ukweli. Nilisikia kubanwa kama tumbo la mwezi, kidogo tu, kukaisha.

Changu kilitoka CIN 2, yaani seli zimebadilika kiasi cha kati, bado si saratani. Walinidunga ganzi, wakaondoa sehemu hiyo kwa kitanzi cha waya wa umeme, na jioni nikalala kwangu. (Nilirudi na bodaboda. Usinifuate kwa hilo.) Nilitokwa na majimaji yenye damu siku kadhaa, na niliambiwa nikae wiki nne bila tendo la ndoa. Kumweleza mzee hiyo wiki nne kulinitoa jasho kuliko ule waya.

Kama unatumia ARV, waambie mapema, kwa sababu ukiwa na virusi vya UKIMWI seli hubadilika haraka zaidi na utaitwa kupimwa mara kwa mara. Karatasi yako ipige picha. Wakikutuma hospitali nyingine, waulize jina la kliniki na siku yenyewe kabla hujashuka kitandani. Mimi kipimo cha kurudia kilitoka safi, kingine ni Novemba.