Jibu: Wasia wa baba na nyumba ya Majengo

Pole kwa msiba, dada. Umeuliza kama kaka yenu anaweza kuchukua nyumba yote kwa kuwa marehemu alimwandikia wasia. Kwa sheria ya Kiislamu hawezi, mpaka nyinyi warithi wenzake mridhie. Wasia ni wa asiyerithi, tena hauvuki thuluthi ya mali inayobaki baada ya mazishi na madeni. Mama yenu ana thumuni yake, yaani sehemu moja kwa nane, na mtoto wa kiume hupata fungu la wa kike mara mbili.

Nakusihi, usitie sahihi karatasi yoyote ya kuridhia matangani. Mimi nilishikishwa kalamu siku ya tatu, macho yamevimba kwa kilio, nikatia. Kuifuta kulinichukua miaka minne.

Nenda Mahakama ya Kadhi na cheti cha kifo na barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, mabinti wasiachwe. Angalia pia kama ni nyumba bila ardhi, yaani kiwanja ni cha mtu mwingine, maana hapo mnagawana jengo tu. Na kodi ya wapangaji anayokusanya kaka, iandike kila mwezi: kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi ya Kenya kinakataza kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya kisheria.